Giza Unaloweza Kulichungulia

Kalamu ya wino haina kijivu. Ukitaka kuielewa michoro ya zamani ya hadithi za kutisha, anzia hapo, maana mengine yote yanatoka humo. Anayechora kwa penseli akitaka kivuli hafifu analegeza mkono. Wa rangi za maji anaongeza maji. Mwenye nibu na chupa ya wino hana hiari hiyo: karatasi imeguswa au haijaguswa, basi. Akihitaji ukungu, moshi, ngozi ya maiti, au ile nusu giza ya chumba ambacho mshumaa wake unakaribia kuisha, lazima alidanganye jicho kwa mistari. Mistari ikiachana, tunaona mwanga. Ikisogeleana, jioni inaingia. Ikipishana mara mbili na mara tatu, usiku umefika.

Mimi nimeishi na mistari tangu ujana, ingawa si ya mizimu. Nilikuwa mchora ramani kwa wapima ardhi hapa Kisumu, enzi kazi hiyo ilipofanywa kwa mkono juu ya karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Kalamu zetu zilikuwa Rotring, kila moja na unene wake wa milimita: 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Ile nyembamba ndiyo iliyokuwa na kiburi. Ukiilaza badala ya kuisimamisha wima, inagoma. Ukiiacha bila kifuniko kwenye joto la mchana la Kisumu, wino unaganda ndani na unashinda ukiiosha. Mstari uliokwenda kombo haukufutwa kwa raba. Ulikwanguliwa kwa wembe mpya, taratibu, huku umezuia pumzi.

Palikuwa na kona moja ya ramani niliyopenda kupewa. Ukitoka ziwani kuelekea mashariki, uwanda wa Kano umelala tambarare, na mistari ya mwinuko, ile inayounganisha sehemu za kimo kimoja, imekaa mbalimbali hadi karatasi inabaki nyeupe. Halafu unafika chini ya milima ya Nandi, na mistari ile ile, ya unene ule ule, inabanana mpaka nusura igusane. Hakuna aliyetia kivuli pale. Giza limezuka lenyewe kwa sababu ya ukali wa mteremko. Niliitazama kona hiyo kuliko nilivyolipwa kuitazama.

Kompyuta zilipoingia ofisini kalamu zikaenda droo ya chini, na mimi nikahamia kwenye kipanya pamoja na wenzangu. Lakini jicho lilikuwa limeshazoea. Kwa hiyo siku nilipofungua, kwenye turubai la mitumba ya vitabu pale soko la Kibuye, nakala iliyochakaa ya hadithi za kutisha za Mmarekani Edgar Allan Poe zenye michoro ya Harry Clarke, sikusoma hata neno moja. Nilichuchumaa na kutazama mistari. Mwenye vitabu aliniuliza, "Mzee, unanunua ama unapima?" Nikanunua.

Clarke alizaliwa Dublin mwaka 1889. Baba yake alikuwa na karakana ya kupamba makanisa, na yeye mwenyewe alikuja kuwa fundi mkubwa wa vioo vya rangi, vile vya madirishani vyenye watakatifu. Toleo la Poe alilolichorea lilitoka London mwaka 1919, na mwaka 1923 likatolewa upya likiwa na picha za rangi juu ya zile za wino. Alifariki Uswisi mwaka 1931 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 41. Ukijua kazi yake ya vioo, michoro yake inafunguka. Katika dirisha la kanisa, madini meusi ya risasi ndiyo yanayoshika vipande vya kioo, na mwanga unatoka nyuma. Clarke alileta mazoea hayo kwenye karatasi: mweusi wake una uzito wa kubeba kitu, na mweupe unapenya katikati yake.

Mchoro ninaourudia zaidi ni ule wa kisa cha bwana Valdemar. Poe alikichapisha mwaka 1845. Mtu anayekata roho analazwa usingizi na mwenye ujuzi wa kuwatawala watu kwa macho na mikono, na anabaki hivyo, si mzima wala si maiti, kwa miezi kadhaa. Anapoamshwa, mwili wote unaoza papo hapo kitandani. Mchoraji mwingine angeficha mwozo huo kivulini na kutuachia tuuwazie. Clarke hakuficha lolote. Nyama inaning'inia kwa nyuzi, inadondoka, mdomo umeachama. Ila tazama jinsi nyuzi hizo zilivyochorwa: kila moja imekamilika, imepinda vizuri, imemalizwa kwa ncha safi. Mkono uliochora nakshi za mavazi ya mabibi wa kifahari katika kurasa nyingine ndio huo huo umechora usaha, na kwa heshima ile ile. Hapo ndipo mimi huhisi baridi mgongoni. Maiti mbovu nimeziona kwenye filamu za kutosha. Kisichovumilika ni kwamba mtu alikaa chini, akachovya kalamu, akaitunza ile nyama nukta kwa nukta, wala hakuwa na haraka.

Kabla yake alikuwepo Aubrey Beardsley, Mwingereza aliyefariki mwaka 1898 akiwa na miaka 25, naye kwa kifua kikuu. Wengi humtaja kwa pumzi moja na Clarke, na ni kweli Clarke alijifunza kwake. Binafsi namheshimu Beardsley bila kumwogopa. Ana mweupe mwingi mno, na mstari wake unajua kwamba unatazamwa.

Kilichowapa watu hao ulingo ni mtambo wa uchapaji. Mwishoni mwa karne ya 19 wachapaji walikuwa wamejua kupiga picha mchoro, kuihamishia kwenye bamba la zinki, kisha kulichovya bamba kwenye asidi. Asidi inakula pasipo na mstari, mstari unabaki umeinuka, unapakwa wino, unagandamizwa kwenye karatasi. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ya haraka, na kilichotoka kilifanana na mkono wa mchoraji, bila fundi wa katikati kuuchonga upya. Sharti lake lilikuwa moja: bamba halijui kijivu. Penseli haishiki, rangi ya maji haishiki. Baadaye ikaja njia ya kuvunja picha kuwa nukta ndogondogo ili kupata vivuli, lakini hiyo ilidai karatasi laini, na karatasi laini ni pesa. Vitabu na magazeti ya bei nafuu yakaendelea na mstari. Mchoraji alichora kwa ukubwa, kamera ikapunguza, na ilimbidi ajue tangu mwanzo mistari yake itakaribiana kiasi gani ikishapungua, la sivyo asidi na wino vitaziba nafasi na uso wa mtu utoke doa. Watu hawa walikuwa wakichora giza huku wakipigia hesabu kila upenyo wa mwanga ulio ndani yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema michoro hii ni ya kutisha kwa sababu ina weusi mwingi. Weusi mtupu hauniambii kitu. Nikipita usiku mahali pasipo na taa, macho yanachoka mapema na kukata tamaa. Giza la mistari halikuruhusu ukate tamaa. Kati ya mstari na mstari pana mwanya wa karatasi, na jicho likiuona mwanya linaingia kutafuta. Unachungulia. Kona ya chumba ina kitu, au ni mistari tu iliyogeuka mwelekeo? Mara nyingi ni mistari tu, na kujua hivyo hakukusaidii.

Virgil Finlay alilijua hilo vizuri. Alizaliwa Rochester, jimbo la New York, mwaka 1914, na kuanzia 1935 akawa anachorea Weird Tales, jarida la Marekani la hadithi za maajabu na vitisho lililoanza mwaka 1923. Karatasi ya jarida hilo ilikuwa ile mbaya kabisa, ya kunyonya wino. Mtu mwenye akili angechora mistari minene michache akachukue malipo yake. Finlay akachagua nukta. Alipanga nukta kwa maelfu, moja moja, hadi bega la mwanamke likatokea mviringo, au mvuke ukajikunja kutoka kinywani mwa kiumbe. Alitumia pia kadi iliyopakwa tabaka jeupe na juu yake wino mweusi, ambayo unaikwaruza ili mweupe utoke. Hapo unachora mwanga badala ya kivuli. Jarida lenyewe lilikuwa la kusomwa na kutupwa. Sijui niite nini bidii ya namna hiyo juu ya karatasi ya namna hiyo. Ukaidi, pengine.

Kuna kisa kingine cha ukaidi, na hiki ndicho kinanifurahisha kuliko vyote. Kabla ya bamba la zinki, picha za vitabu zilichongwa kwenye mbao ngumu. Fundi anakwangua panapotakiwa kuwa peupe, na kilichobaki juu ndicho kinachochapa. Mistari yake ina tabia yake: inatembea sambamba, inanenepa kwenye kivuli, inakonda kwenye mwanga, haiyumbi. Gustave Doré wa Ufaransa aliwapa mafundi wa aina hiyo michoro yake ya shairi la Poe kuhusu kunguru, akafariki mwaka 1883 kabla kitabu hakijatoka. Kilichapwa mwaka uliofuata. Sasa, huko Indiana, Marekani, alikuwepo mtoto aitwaye Franklin Booth, aliyezaliwa 1874, mwana wa mashambani. Aliona picha hizo za mbao magazetini akadhani zimechorwa kwa kalamu. Hakuna wa kumwambia vinginevyo. Akakaa akaziiga mstari kwa mstari, kwa nibu, hadi akaweza. Alipokuja kujua ukweli, tayari alikuwa na mkono ambao hakuna mwenye kalamu mwingine aliyekuwa nao.

Booth hakuwa mchoraji wa vitisho. Alipenda mawingu na miti mirefu. Aliyeuchukua mkono wake na kuupeleka makaburini ni Bernie Wrightson wa Baltimore, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2017. Wrightson alikuwa akiishi kwa kuchora vitabu vya katuni. Pembeni, bila kuajiriwa na mtu, akaanza kuchorea riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley, ile ya mwaka 1818 kuhusu msomi anayeunda kiumbe hai kutokana na viungo vya maiti. Ilimchukua kama miaka saba, akiiba muda kati ya kazi za mkate. Kitabu kilitoka mwaka 1983 kikiwa na michoro inayokaribia 50.

Kwanza alimrudishia kiumbe sura yake. Sinema zilishatuzoesha kichwa bapa na misumari shingoni. Shelley hakuandika hivyo. Aliandika ngozi ya njano isiyotosha kufunika misuli na mishipa, nywele nyeusi ndefu zinazong'aa, meno meupe ya kupendeza, macho ya majimaji, midomo myeusi. Wrightson alimsoma mama huyo kwa makini. Kiumbe wake ni mrefu, amekonda, nywele zimemwangukia usoni, na kila mshipa una mstari wake.

Kisha kuna ule mchoro wa maabara, unaofunika kurasa mbili. Chupa, mirija, mitungi, vyombo vya shingo ndefu, rafu juu ya rafu, na kila kioo kina mwanga wake na tafsiri yake ya kilicho nyuma yake. Nimeukalia mchoro huu na kioo cha kukuzia. Hakuna mahali alipochoka. Nilikuwa natafuta ile kona ambayo kila mchoraji anaijua, kona ya saa kumi alasiri, ambapo mkono unaanza kupiga mistari ili kumaliza. Sikuiona.

Na mistari yenyewe haikupigwa ovyo. Inafuata umbo. Kwenye shavu inazunguka na shavu, kwenye ubao wa sakafu inanyooka na ubao, kwenye mkunjo wa koti inaingia ndani na kutokea upande wa pili. Ukitaka kuelewa, mtazame msusi anaposuka matuta: tuta halipiti juu ya kichwa kwa rula, linafuata fuvu, na aliye nyuma yako kanisani anaweza kulisoma umbo la kichwa chako kwa kuyatazama matuta tu. Siku hizi vijana hunionyesha kwenye simu picha zilizotengenezwa na kompyuta kwa mtindo huo huo wa wino. Zina mistari mingi kuliko ya Wrightson. Lakini fuata mmoja kwa kidole: unaanza begani, unapotelea hewani, unaibukia kwenye ukuta. Umepambwa tu, haukushika kitu.

Hao vijana, kwa haki, wana mtu wao ambaye sina la kumtia dosari. Junji Ito wa Japani, aliyezaliwa 1963, alikuwa fundi wa meno ya bandia kabla ya kuishi kwa kuchora, na katika kisa chake cha mji uliotawaliwa na umbo la mzunguko kama wa gamba la konokono, alichoanza kukichapisha 1998, mstari wenyewe ndio ugonjwa. Anasomwa sana hapa mjini, kwenye simu, ndani ya matatu ya kwenda Kondele. Ningetamani wamwone kwenye karatasi. Kwenye simu unaukuza mchoro mpaka unabaki na vijiti, halafu unaupunguza mpaka unabaki na kijivu, ile ile kijivu ambayo mchoraji hakuwa nayo.

Kwetu Kenya kalamu ilikwenda kwenye kicheko. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Maddo na Gado walichukua kalamu hiyo hiyo wakawachoma nayo wanasiasa. Aliyesogelea giza kidogo ni marehemu Frank Odoi, aliyetoka Ghana akafanyia kazi Nairobi, na Akokhan wake mwenye nguvu za kale za Kiafrika. Zaidi ya hapo, vitisho vyetu vimebaki mdomoni. Sisemi ni hasara. Nyawawa, mizimu ya Wajaluo, kwa mfano, hawachoreki. Waliokulia kando ya ziwa wanajua: ni kelele inayopita na upepo usiku, na jibu lake ni kelele, watu wanatoka na sufuria na mabati wanagonga hadi ipite. Kalamu itafanya nini hapo? Ukimchora nyawawa umemuua.

Luanda Magere ni jambo tofauti. Huyo aliumbwa kwa ajili ya wino, na nashangaa sijakutana na mtu aliyemchora anavyostahili. Wajaluo wa Kano wanamsimulia: shujaa mwenye mwili wa jiwe, mikuki ya Wanandi inamgonga na kudondoka. Akaozwa binti wa maadui. Siku alipougua, alimwambia huyo mke amchanje kwenye kivuli, si mwilini, na kivuli kikatoka damu. Binti akatoroka na siri kwao milimani. Vita vilivyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli, na shujaa akaanguka akawa jiwe.

Picha nilizowahi kuona za kisa hiki zinamtia nguvu zote kwenye misuli, na kivuli kinapakwa nyeusi haraka miguuni. Ni kinyume kabisa. Mwili ni jiwe. Uache mweupe, mistari michache ya mipasuko yatosha. Kivuli ndicho chenye nyama, ndicho kinachotaka mishipa, na mistari inayozunguka mbavu ambazo hazipo.

Nimekuwa nikikihangaikia kwa nibu za kuchovya, asubuhi na mapema kabla jasho la kiganja halijaanza kuharibu karatasi. Tatizo la kwanza lilikuwa saa. Hapa tuko karibu na ikweta. Mwezi wa tatu na wa tisa jua linafika utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, na kivuli cha mtu kinajikunja chini ya nyayo zake; wakati huo Luanda Magere hauawi na yeyote. Lazima iwe saa kumi au kumi na moja, jua likiwa upande wa ziwa, kivuli kimelala kuelekea mashariki, kuelekea kwa adui zake hasa. Tatizo la pili ni nyasi. Kivuli hakilali juu ya meza. Kinapanda kila unyasi na kushuka, kwa hiyo mistari ya mbavu lazima ivunjike na kuungana tena mamia ya mara bila kupoteza umbo.

Mpwa wangu, anayechora kwa tableti na kwa kweli anachora vizuri, alikuja akanisimamia begani.

"Mjomba, si ujaze tu nyeusi? Kivuli ni kivuli."

"Nikijaza nyeusi, mkuki utaingia ardhini."

Akafikiri kidogo. "Sasa kwani unataka uingie wapi?"

"Mwilini."

Akavuta kiti, akaomba nibu ya akiba, akaniuliza mistari ya mbavu inaanzia juu au chini. Nikamwambia aanze na nyasi kwanza, upande wa kushoto, na asiguse mbavu mpaka mkono utulie.